Zawadi ya Mpiga Gitaa

Ndugu msomaji, naanza na kosa langu mwenyewe, usije ukadhani nimekaa hapa kukufundisha kitu nilichozaliwa nacho.

Desemba 2019 nilipanda basi Dar es Salaam kwenda Kibondo kumtembelea mjomba wangu. Wakati ule mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku, kwa hiyo tulilala Kahama, na kesho yake tukapita Nyakanazi na kuishika barabara iliyokuwa bado inajengwa. Mapajani nilipakata kifuko kidogo kama mtu aliyebeba mayai. Ndani yake kulikuwa na seti ya nyuzi sita za gitaa, mpya, za chuma, zinang'aa. Mjomba ndiye aliyenifundisha gitaa nikiwa mtoto, na sasa nilikuwa nimepata kibarua cha kwanza cha maana mjini. Nikaona huu ndio wakati wa kulipa fadhila.

Dukani Kariakoo muuzaji alikuwa ameniuliza, "Gitaa gani, blaza?" Nikajibu kwa kujiamini, "Gitaa kavu." Kwetu sisi gitaa lisilo la umeme ni kavu, basi, mjadala umekwisha. Akanipa nyuzi za gitaa kavu. Hakunidanganya hata kidogo. Mimi ndiye sikujua kwamba makavu yako ya namna mbili: kuna la nyuzi za chuma na kuna la nyuzi za nailoni.

Nilipofika, mjomba alikuwa shambani kwenye palizi ya mahindi. Nikalitungua gitaa ukutani. Nyuzi zake tatu nyembamba zilikuwa nyeupe, laini, kama mshipi wa kuvulia samaki. Moyo ukaniuma. Nikajisemea, masikini mjomba, umaskini umemfikisha mahali pa kufunga mshipi wa wavuvi kwenye gitaa! Nikazifungua zote, nikafunga za chuma, nikazikaza mpaka zikalia sawasawa. Jioni aliporudi alilishika, akalitazama kwa muda mrefu, akapiga mara moja tu, akashukuru. Alikuwa amechoka, akaenda kulala.

Saa nane za usiku tulisikia mlio mmoja mkali kama tawi linavunjika. Mjomba akawasha tochi. Daraja la gitaa, yaani kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi pale tumboni, lilikuwa limebanduka na kuondoka na vipande vya mbao ya uso. Nilichoka kabisa. Mjomba akalifunika gitaa kwa shuka lake, akasema, "Si neno, mjomba. Ila ungeuliza."

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu karibu mara mbili ya zile za nailoni. Gitaa lililotengenezwa kwa nailoni lina uso mwembamba na mbavu nyepesi ndani, na mara nyingi halina chuma cha kuikaza shingo. Kulifunga nyuzi za chuma ni kama kumfunga mbuzi mkokoteni wa ng'ombe. Atajaribu kuvuta, kisha atavunjika.

Asubuhi tulilipeleka kwa fundi seremala. Akapaka gundi ya mbao, akalirudisha daraja mahali pake, akalizungushia mpira wa tairi la ndani la baiskeli na kuukaza kwa nguvu. Akasema lisiguswe kwa siku tatu. Ni katika siku hizo tatu, nikiwa na aibu yangu, mjomba aliponisimulia magitaa yalivyofika katika milima yetu. Mengine nimeyasoma baadaye na kuyaunga na maneno yake. Na nilichokigundua ni hiki: historia ya gitaa Kibondo na Kasulu ni historia ya zawadi, na karibu kila mara kilichokosekana hakikuwa gitaa lenyewe, bali nyuzi.

Kabla ya gitaa, Waha walikuwa na inanga kama ndugu zao wa Burundi. Ni ubao mrefu uliochimbwa mfano wa sinia, na juu yake unapitishwa uzi mmoja mrefu, unakwenda na kurudi mara kadhaa. Zamani uzi huo ulitokana na kano za ng'ombe. Yaani hata kwenye inanga ulipaswa kwanza umjue mwenye ng'ombe. Mpiga inanga asiye na ng'ombe alisubiri kupewa.

Gitaa lilikuja na katani. Serikali ya kikoloni na wenye mashamba waliiona nchi yetu ya Buha kama ghala la wafanyakazi. Mwaka 1944 wakulima wa katani waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na vijana wengi wa Kibondo na Kasulu waliandikishwa, wakapelekwa kwa malori na treni mpaka Tanga na Morogoro. Hao ndio manamba, watu wa kuitwa kwa namba. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na ilikuwa rahisi zaidi kwa kijana wa Kiha kuiona bahari ya Tanga akiwa amebeba panga la kukatia mkonge kuliko kuiona shule ya sekondari.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi 1958 na vitu vitatu: baiskeli, blanketi, na gitaa. Watu walikuja kulitazama. Bibi, kwa mujibu wa mjomba, aliuliza swali moja tu: "Hili nalo linaliwa?" Babu akacheka. Alikuwa amelinunua katika duka la Tanga kwa fedha za vipande vyake, na alilileta kama zawadi kwa mdogo wake aliyebaki nyumbani kulinda mji.

Gitaa hilo wazee waliliita galatoni. Jina hilo limetokana na chapa, Gallotone, ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg iliyoanza 1926 na duka la sahani za santuri. Kampuni hiyo hiyo ikaja kurekodi muziki na kuuza magitaa ya bei nafuu, na magitaa hayo yakasambaa hadi huku kwetu, mpaka jina la chapa likawa jina la chombo. Hebu sikia ajabu hii: tarehe 6 Julai 1957, kijana mmoja wa Liverpool, Uingereza, alipiga gitaa la chapa hiyo hiyo kwenye sherehe ya kanisa mtaani kwao, na siku hiyo ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na mwenzake aliyeitwa Paul McCartney. Kijana huyo alikuwa John Lennon. Naye gitaa lile alikuwa amenunuliwa na wakubwa wake wa nyumbani. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba gitaa la bei rahisi ni zawadi ya dharau.

Na galatoni haikuja peke yake. Walikuwapo askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, ambako wengine walikuwa wameshika magitaa zaidi ya bunduki. Fundi Konde wa pwani ya Kenya alipita katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles kabla ya kuwa jina kubwa Nairobi. Kisha kukaja upepo kutoka magharibi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodia, alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi, Katanga. Wimbo wake "Masanga" ukatoka kwenye santuri za Gallotone. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, dole gumba na cha shahada, lakini ukifumba macho unaapa wako watu wawili. Santuri za Katanga zilivuka Ziwa Tanganyika, na mdogo wake babu, akiwa na galatoni yake mapajani, akakesha akitafuta dole gumba linakwenda wapi.

Mjomba alizaliwa ndani ya sauti hizo. Alipokuwa kijana nyota zake zilikuwa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na mtu wa nyumbani, Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma aliyepitia Lake Tanganyika Jazz kabla ya kung'ara na Tabora Jazz. Nikamuuliza kwa nini hakwenda kujiunga na bendi. Akacheka kidogo. "Nilikwenda," akasema. "Nikarudi mikono mitupu."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vijana wa leo tunalisahau. Bendi nyingi za wakati ule vyombo havikuwa vya wanamuziki. NUTA Jazz, kwa mfano, iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika jina kuwa JUWATA na baadaye OTTU, bendi nayo ikabadilika jina. Kwingine mwenye vyombo alikuwa tajiri wa mjini, au jeshi, au shirika la umma. Mpiga gitaa alipogombana na mwenye vyombo aliondoka na vidole vyake tu. Mjomba alipiga solo miaka miwili katika bendi moja ndogo ambayo hakunitajia jina, akatofautiana na mwenyewe juu ya posho, na siku ya pili yake akawa hana kitu cha kukicharaza. Akarudi Kibondo kwenye galatoni ya ukoo.

Hiyo galatoni nayo ikaanza kufa polepole. Mbaraka alikufa katika ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, na mjomba anaikumbuka miaka ile kwa vitu viwili, msiba huo na ukosefu. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza 1978. Vilipokwisha, nchi ilibaki na madeni na haina fedha za kigeni. Sabuni ilikuwa ya foleni, kanga ilikuwa ya kujuana na mtu wa duka la ushirika. Nani basi angekumbuka kuagiza nyuzi za gitaa?

"Tulikuwa tunazichemsha," mjomba akaniambia. Uzi ukishika jasho na uchafu sauti inakufa. Unauchemsha, unaukausha, unafufuka kwa siku chache. Ukikatika, unaufunga fundo juu ya daraja. Ukiisha kabisa, unatafuta waya wa breki ya baiskeli, unafumua nyuzi zake ndogo ndogo, unachagua. Mnene unakuwa bezi. Kwa zile nyembamba walitafuta mshipi kwa wavuvi wa Kigoma. Kumbe nilichokidhania mimi kilikuwa na ukweli wake, ila nilichelewa miaka 35!

Baiskeli ya babu, ile aliyokuja nayo kutoka Tanga, ilimalizia maisha yake haina breki kwa sababu ya gitaa. Bibi hakulisahau jambo hilo hadi anaingia kaburini. Lakini shingo ya galatoni ilipinda, ikapasuka, na kufikia katikati ya miaka ya themanini mjomba hakuwa na gitaa tena. Biashara ilifunguliwa kuanzia 1984 na bidhaa zikarudi madukani, ila kwake yeye mkulima wa maharage, gitaa lilibaki kitu cha kukisikia redioni.

Sasa nifike kwenye lile gitaa nililolivunja mimi.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mpaka wetu ukafurika watu. Sisi wa Kibondo na Kasulu hatukuhitaji mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Kambi zikafunguliwa: Kanembwa, Mtendeli, Nduta. Upande wa Kasulu kukawa na Mtabila na Muyovosi, na 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Dunia inazijua kambi hizi kwa takwimu za mahindi na mahema. Mjomba anazijua kwa kwaya.

Alikuwa akipeleka maharage kuuza jirani na Kanembwa, na siku moja akasikia gitaa. Mpigaji alikuwa mwalimu wa shule kutoka Burundi aliyetembea kwa miguu na gitaa mgongoni, akaacha vitu vingine vyote njiani. Lilikuwa la nyuzi za nailoni. Mjomba akasimama na gunia lake kichwani mpaka wimbo ukaisha. Mwalimu akamuuliza kwa Kirundi kama anajua kupiga. Mjomba akajibu kwa Kiha kwamba alikuwa anajua. "Alikuwa," mwalimu akarudia, akampa gitaa.

Wakawa marafiki kwa miaka kumi. Mwalimu yule alipata seti moja ya nyuzi kwa mwaka, akipata, kwa mkono wa padri au mfanyakazi wa shirika anayetoka safari. Kila alipobadilisha, nyuzi za zamani hakuzitupa, alizikunja na kuzitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mwaka 2004, Warundi wengi walipokuwa wakirudi kwao, naye akajiandikisha kurudi. Kila familia ilikuwa na mizigo yake, watoto, masufuria, mabati. Usiku wa mwisho alimletea mjomba gitaa na lile kopo. Akasema, ukiniletea siku moja Burundi, sawa. Usipoleta, lipige.

Hilo ndilo gitaa nililolifunga nyuzi za chuma bila kuuliza. Ndugu msomaji, usiku ule sikulala.

Siku ya nne fundi alifungua mpira wa baiskeli. Daraja lilikuwa limeshika. Mjomba akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, limeshika kutu mdomoni. Akazimwaga nyuzi za nailoni mkekani, zimekunjwa duara moja moja, za mwalimu na zake mwenyewe. Akachagua sita, akafunga, akatyuni polepole, kila uzi kidogo kidogo, kama mtu anayempa mgonjwa uji. Jioni likalia. Kovu la gundi linaonekana mpaka leo.

Kuhusu nyuzi zangu za chuma, nilitaka kuzitupa. Mjomba akanikataza. Wiki hiyo tulikuwa na harusi ya ndugu Kasulu, tukaenda nazo. Pale harusini alikuwapo kijana wa Makere, kijiji jirani na Nyarugusu, mwenye gitaa alilojifunza kulitengeneza kwa vijana wa Kikongo: tumbo ni kopo la mafuta ya kula ya msaada, shingo ni mti wa porini, nyuzi nne za waya wa breki. Kifaa kile kilikuwa na sauti ya bati, ila kijana alikuwa na mkono, bwana! Kwa kepo alitumia kalamu ya risasi iliyofungwa kwa mpira. Mjomba akakaa naye, wakatoa waya, wakafunga nyuzi nne kati ya zile zangu, hawakuzikaza sana. Bati likaanza kuimba. Mbili zilizobaki kijana alizikunja, akaziweka mfuko wa shati, akaupapasa mfuko ule mara kwa mara mpaka usiku.

Nami nikajua kwamba zawadi yangu haikuwa mbaya. Ilikuwa imekosea mlango tu.

Kwa hiyo mwenzangu unayetaka kumpa zawadi mpiga gitaa, haya ndiyo niliyoyapata kwa gharama. Usinunue kabla hujalitazama gitaa lake. Nyuzi tatu nyembamba zikiwa kama mshipi wa kuvulia, ni nailoni, zikiwa waya mtupu, ni chuma, usizibadilishane. Ukiwa mbali, omba akutumie picha ya daraja na nyuzi, kisha mwonyeshe mwuza duka. Kama hujui kabisa, nunua vitu visivyoweza kudhuru: piki chache, kepo, kitambaa laini cha kufutia jasho, au begi la kulikinga gitaa na mvua za masika na vumbi la kiangazi. Na usimnunulie gitaa jipya mtu mwenye gitaa analolipenda, ukidhani unamwokoa. Huenda lile bovu ndilo lenye jina la mtu ndani yake. Ila kama anapigia cha kuazima, cha bosi au cha kwaya, basi kijigitaa chochote kilicho chake mwenyewe ni ukombozi. Muulize mjomba.

Mwaka uliofuata sikukosea tena. Nikapiga simu: "Mjomba, naja Desemba. Nikuletee nini?"

Nilijua atasema nyuzi za nailoni. Akazitaja kweli, seti mbili, moja ya kutia kwenye kopo. Kisha akanyamaza kidogo.

"Na daftari," akasema. "Lile kubwa lenye jalada gumu. Nyimbo za babu yako wa galatoni ziko kichwani kwangu tu, na kichwa chenyewe kimeshaanza kuvuja."

Nilimpelekea daftari mbili. Macho yake hayaoni vizuri karibu, kwa hiyo yeye alipiga na kuimba, mimi nikaandika, mstari kwa mstari, Kiha upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia. Tulifika nyimbo kumi na moja kabla likizo yangu haijaisha. Nilipoondoka alinipa lita tano za asali ya Kibondo, na hakuniuliza kama napenda asali. Alikuwa anajua.